Hipnopedia: aliyelala hufunzwa au hukumbushwa?

Hipnopedia ni neno lenye asili ya Kigiriki: usingizi upande mmoja, malezi na elimu upande wa pili. Linataja dai kwamba mtu aliyelala fofofo anaweza kusomewa jambo asilolijua akaamka nalo kichwani. Aldous Huxley alilitumia wazo hilo katika riwaya yake Brave New World ya mwaka 1932, ambamo watoto hutiwa itikadi ya dola usiku. Siku hizi linauzwa kwa sura ya upole zaidi, rekodi ya saa nane inayotaja neno la Kihispania, kisha tafsiri yake, kisha neno jingine, hadi alfajiri. Kwa Kiswahili wengi husema "kujifunza usingizini". Tafsiri hiyo inaeleweka upesi, ila imeshalikubali dai kabla halijapimwa, maana anayejifunza ni mtendaji, anajifanyia jambo, na aliyelala hajifanyii chochote. Pendekezo langu ni "kukumbushwa usingizini", na sababu yake kubwa haimo katika sarufi bali katika maabara.

Miaka ya 1950, Wamarekani Charles Simon na William Emmons waliwasomea watu maswali na majibu usiku huku wakipima mawimbi ya ubongo wao. Kilichokumbukwa asubuhi kilikuwa kile kilichosomwa wakati mawimbi yakionyesha kwamba msikilizaji bado yu macho au anasinzia tu; usingizi ulipokolea, hakikubaki kitu. Matumaini yalirudi kwa mlango mwingine. Thomas Schreiner na Björn Rasch, wakifanya kazi Uswisi, waliwapa wasemaji wa Kijerumani maneno ya Kiholanzi wayasome jioni wakiwa macho, kisha wakawachezea baadhi ya maneno hayo wakiwa usingizini. Yaliyochezwa yalikumbukwa vizuri zaidi kuliko yasiyochezwa. Jaribio lao la mwaka 2015 ndilo lingepaswa kuwashtua wauza rekodi: neno la kigeni lilipofuatwa papo hapo na tafsiri yake, faida ilitoweka. Yaani mpangilio uleule wa rekodi za saa nane ndio unaoharibu kazi ambayo ubongo ungeifanya wenyewe. Sauti ya usiku haikumfunza mtu neno. Ilimkumbusha alilokwisha kulisoma.

Atatokea mtu wa Kalembe apinge, na hoja yake ina uzito. Kalembe iko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, pale Masisi inapokutana na Walikale, Kihunde kinapokutana na Kinyanga, Kinyarwanda kikiwa jirani, Kiswahili kikiwa sokoni, Lingala ikija na askari na muziki, Kifaransa kikiwa shuleni. Wengi huko hawakukalishwa darasani kujifunza lugha ya jirani, lakini wanaisikia. Kiswahili chetu kina usemi kamili wa hali hiyo: "anasikia Kinyanga, ila hakisemi". Ikiwa lugha huingia hivyo bila jasho, kwa nini isiingie usiku? Jibu ni kwamba usikivu wa sokoni si wa kulala. Anayesikia bei ya mihogo katika lugha asiyoisema anatazama mkono wa muuzaji, anaona noti ikirudishwa, anakosea na kucheka au kuchekwa. Hata kwa aliye macho, sauti peke yake haitoshi. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walionyesha kwamba watoto wa Marekani wa miezi tisa walishika sauti za Kichina walipochezewa na mtu aliye mbele yao, lakini waliopewa sauti hizohizo kwa kanda au televisheni hawakupata kitu. Kihispania chenyewe kimesikika Goma, mji wa Kivu Kaskazini, miaka mingi kwa wanajeshi wa Uruguay wa Umoja wa Mataifa. Aliyefanya nao biashara alikuwa na njia bora ya kukishika kuliko mwenye rekodi chini ya mto.

Pingamizi la pili ni la kitaalamu zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa Bern walichapisha jaribio ambamo waliolala walisikia maneno ya kubuni yakiambatana na maneno ya lugha yao, wakiwa katika usingizi wa mawimbi ya polepole ya ubongo. Walipoamka, walibashiri kwa usahihi uliozidi bahati kidogo kama kitu kilichotajwa kingeenea kwenye kisanduku cha viatu. Basi kuna mlango, siukatai. Lakini kubashiri ukubwa wa kitu si kukitaja, na kuita hali hiyo kujua lugha ni kulipanua neno "kujua" hadi lipasuke. Mlango huo, tena, unadai usingizi mzito usiokatizwa. Kalembe ilipiganiwa na waasi wa M23 na wanamgambo wa Wazalendo Oktoba 2024. Anayelala huku sikio likingoja risasi hana hata huo usingizi wa kukumbushwa, achilia mbali wa kufunzwa.

Atakayeona "kukumbushwa usingizini" ni ndefu mno abaki na hipnopedia anapotaja historia ya dai lenyewe, kwani huko neno la mkopo halidanganyi mtu. Kwenye jalada la rekodi ya Kihispania, mbele ya mnunuzi anayetoa fedha yake, liandikwe hilo refu, pamoja na sharti lake: maneno yasomwe kwanza, mchana.