Kabla Hamjachagua Nyimbo za Harusi, Msikilizeni Siti

Singo na hina tumeshazizungumza sana, leo tuzungumze taarab. Siku hizi tunaichukulia kama pambo la ukumbini, sawa na maua. Bibi zetu waliipa kazi nzito zaidi.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, yapata mwaka 1880, na jina alilopewa ni Mtumwa. Kwao walikuwa watu wa hali ya chini. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza kwa kuviuza mpaka mjini, na husemwa sauti yake ya kunadi ndiyo iliyowafanya watu wageuke. Alipohamia mjini alijifunza kuimba pamoja na wapigaji wanaume, na huko ndiko alikopata jina la Siti, yaani bibi wa heshima. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897. Kutoka kuitwa Mtumwa mpaka kuitwa Siti, katika umri wa mtu mmoja!

Taarab wakati ule ilikuwa starehe ya kasri ya Sultani, na ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, ikaeleweka hata na mchotaji maji wa Ng'ambo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima.

Lakini aliimba nini? Mapenzi yalikuwemo, ndiyo. Yalikuwemo pia mambo ya mahakamani. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, akaja Unguja, akatoka usiku na wenzake kwenda ngomani, akauliwa. Muuaji akavuka bahari akatoroka. Wanawake waliofika mbele ya hakimu kueleza yaliyotokea, kwa mujibu wa wimbo, ndio waliofungwa. Mambo kama hayo nani angeyaandika gazetini, kwa upande wa wanawake wa Ng'ambo? Siti aliyaimba barazani, na watu wakayaimba majumbani mwao. Marehemu hakupata haki, ila hakusahauliwa.

Walikuwepo waliomkejeli kwa uso wake na kwa asili yake ya shamba. Naye aliwajibu kwa wimbo, akawaambia kwa heshima kwamba uzuri wa sura si kitu mbele ya akili na tabia. (Bibi harusi mwenye wasiwasi na picha zake aukumbuke wimbo huo.)

Baadaye wanawake wakaunda vikundi vyao wenyewe, kama Sahib el-Ary na Nuru l-Uyun, vikawa vinashindana kwa nyimbo na kwa sare. Tusijidanganye, mipasho ya kuumizana ilikuwepo, na nyumba nyingine hawakuipenda kabisa. Hata hivyo, mwanamke aliyedhulumiwa na mke mwenza, au na jirani, alikuwa na pa kusemea. Ubeti unaomgusa ukifika, husimama na noti mkononi, akatembea polepole mpaka kwa mwimbaji kumtunza, na ukumbi mzima ukajua ujumbe unakwenda kwa nani. Hakufungua mdomo, wala hakuna aliyeweza kumwambia katukana.

Hili ndilo tunaloliona linapotea tukileta spika na simu. Mwimbaji aliye hai humuona shangazi anayenyanyuka safu ya nyuma, akaurudia ubeti mpaka afike.

Kwa wale wanaotaka shughuli ya wanawake watupu, vyombo sasa havihitaji tena kushikwa na wanaume kama enzi za Siti. Tangu 2009 lipo kundi la Tausi, lililoanzishwa na Bi Maryam Hamdani, ambamo wanawake wenyewe ndio wanaoimba na kupiga vyombo. Ukimwita mwimbaji, mpe mapema majina ya wazee wa pande zote mbili, na umwambie wazi nyimbo gani hutaki zisikike mbele ya mama mkwe.