Kabla ya upepo wa kusi: paa hufungwa, halipigiliwi tu

Mwaka juzi, mwezi wa Juni, jiko letu la nje kule Wiyoni lilivuliwa paa na upepo wa kusi. Mama alikuwa ametoka tu kwenda kuteka maji. Mabati manne yaliondoka pamoja na pau zake, yakapita juu ya ukuta, yakatua kwenye kichochoro wanachopita watoto wakienda chuoni. Bahati nzuri walikuwa wameshaingia darasani. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi. Paa lile nililijenga kwa mikono yangu, na nilikuwa nikijivunia wingi wa misumari yake.

Fundi mzee wa mtaani alipokuja kutazama aliokota pau moja akanionyesha. Misumari ilikuwa mizima, imenyooka, haikukatika wala kupinda.

"Waona, mwanangu? Umetoka kama ulivyoingia."

"Basi ami, nitie mirefu zaidi?"

"Tia uitakayo. Usipofunga, utarudi kuokota."

Alichonifundisha siku ile ndicho ninachokiandika hapa, ili mwenye banda, kibaraza au jiko la nje asingoje kuokota mabati.

Kwa nini bati huruka

Wengi wetu tunadhani upepo huangusha paa kwa kulisukuma. Kwa kweli hulinyanyua. Upepo unaopita juu hulivuta, na ule unaoingia chini ya banda lililo wazi hulisukuma kutoka ndani. Upepo wa kilomita 60 kwa saa unaweza kunyanyua kwa nguvu ya kilo 17 hivi kwa kila mita ya mraba. Banda la mita 3 kwa 4 basi huvutwa juu kwa karibu kilo 200, na bati lenyewe la geji 30 halifiki kilo 4 kwa mita ya mraba. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne.

Makuti hupitisha upepo kidogo, bati halipitishi. Na wazee wetu, pau na boriti zao walizifunga kwa kamba. Hata mtepe, chombo cha visiwa hivi, mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi. Sisi tulipohamia kwenye mabati tuliacha kamba tukabaki na msumari peke yake. Msumari una nguvu unaposukumwa ubavuni, lakini ukivutwa kwa kichwa huchomoka.

Dawa yake ni ukanda wa chuma uliopakwa zinki, ambao mafundi huuita hupaini. Huuzwa kwa mkunjo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na mafundi wa nyumba za mawe huulaza pia kati ya safu za ukuta. Ukanda ukizungushwa juu ya mti na kupigiliwa ubavuni, upepo unapovuta, misumari husukumwa ubavu. Hiyo ndiyo kamba ya wazee, kwa chuma.

Namna ya kufunga

1. Pitisha ukanda juu ya pau, uteremke pande zote mbili za boriti angalau shibiri moja.

2. Pigilia upande mmoja kwanza, vuta ukaze, kisha pigilia wa pili. Ukanda uliolegea huacha paa lichezecheze, na kila mchezo hulegeza misumari.

3. Tia misumari minne au mitano kila mwisho, nayo iwe ya zinki. Usiipange mstari mmoja, mti utapasuka. Mti wa mkoko ni mgumu, kwa hiyo toboa kwanza kwa keekee.

4. Usiishie hapo, kwa maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Boriti nayo ifungwe kwenye nguzo, au ukanda uteremke ukutani safu tatu za mawe na ujengewe humo. Nguzo nayo ishikwe na ardhi, kwa shimo la sentimita 60 na zege. Pau ikifungwa kwenye boriti isiyofungwa, paa zima litaondoka kwa pamoja.

5. Anza na pembe na kingo, ndiko upepo unakovuta zaidi. Mabati yenyewe yapigiliwe kwenye mgongo wa wimbi, kwa misumari yenye kofia na mpira.

Vaa glavu. Ukanda uliokatwa una makali ya wembe, na unapokunjuliwa huruka usoni.

Ukanda huohuo utakufaa kwa mambo mengine: kushikilia tangi la maji juu ya kitako chake, paneli za sola, banda la kuku, au kuunga mguu wa benchi uliopasuka.

Chumvi ya bahari

Zinki hulinda chuma kwa kuliwa kwanza yenyewe. Kwetu, chumvi huila haraka. Kwa hiyo usinunue ukanda mweusi wa kufungia mizigo, hata ukiwa rahisi. Palipokatwa na palipotobolewa pake rangi ya zinki. Usitumie mchanga wa ufuoni kwenye zege inayoshika ukanda, maana chumvi yake itaula chuma kwa ndani usikokuona. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba nazo hula zinki, basi weka kipande cha plastiki katikati.

Mahali pa kutazama zaidi ni chini ya upenu. Juu ya paa mvua huosha chumvi, lakini chini yake haifiki, na chumvi hukaa mwaka mzima. Ukiona unga mweupe, zinki inaliwa: osha kwa maji baridi, upake rangi. Ukiona kutu ya kahawia, chuma chenyewe kimeanza kuliwa: badilisha ukanda.

Lini, na nani aulizwe

Hatuko kwenye njia ya vimbunga kama ndugu zetu wa kusini, Unguja iliyopigwa Aprili 1872, au Mafia iliyofikiwa na Hidaya Mei 2024. Lakini kusi ya kawaida ilitosha kwa jiko letu. Kagua mwezi wa Machi, kaskazi ikiishilia, kabla ya mvua za masika na kusi yenyewe. Vuta kila ukanda kwa mkono, na ukicheza, kaza.

Walio ndani ya Mji Mkongwe, ulioingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, waulize ofisi ya Makumbusho kabla ya kubadilisha paa. Kufunga paa lililopo ni jambo jingine, na ni haki ya jirani yako. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na bati lililong'oka huko halikosi mtu kila mara.

Jiko la mama nililirudisha kwa mabati yaleyale. Ukanda ulinichukua alasiri moja. Juni iliyofuata kusi ilivuma siku tatu mfululizo, na nililala.