Mbwa Mwoga na Milio ya Tahadhari ya Magari

Mlio wa rivasi wa lori, honi ya basi, king'ora cha gari la wagonjwa na kengele ya mkanda: milio hii imetengenezwa makusudi ili anayeisikia ashtuke. Kwa mbwa mwoga kazi hiyo inatimia kupita kiasi, kwa sababu yeye hajui inamwonya juu ya nini wala itakoma lini.

Sikio la mbwa hunasa sauti hadi takriban hezi 45,000, wakati la binadamu huishia karibu 20,000. Kifaa cha mlio wa rivasi, kilichoanza kutengenezwa Japani mwaka 1963, hutoa desibeli kati ya 87 na 112 kikipimwa mita moja na ushei. Hata hivyo, ukubwa wa sauti si kila kitu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliotoka mwaka 2021, ulionyesha kuwa milio mifupi myembamba ya vifaa vya nyumbani, kama king'ora cha moshi ambacho betri yake inaisha, huwasumbua mbwa kuliko kelele nzito ya mfululizo. Ndiyo maana mbwa anaweza kulala usingizi karibu na jenereta, kisha akatetemeka kwa kengele ndogo ya dashibodi.

Hofu huanza kimya kimya. Mbwa hulamba pua wakati hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, hulaza masikio, huhema ilhali hakuna joto. Wenye mbwa wengi hungoja hadi avute kamba na kukimbia, na hapo tayari wamechelewa.

Kabla ya kumfundisha, punguza milio isiyo ya lazima. Mbwa mzito akikaa kiti cha mbele, kihisio cha kiti humhesabu kuwa abiria na kengele ya mkanda hulia safari nzima. Mhamishie nyuma, afungwe kwa mkanda wa kifuani. Mbele kuna mfuko wa hewa, si mahali pake hata kidogo. Magari yaliyotumika Japani, ambayo yamejaa Dar es Salaam na Nairobi, mengi huwa na kifaa cha kulipia barabara kinachosema Kijapani kila gari linapowashwa kwamba kadi haijaingizwa. Huku hakina kazi. Fundi wa umeme akichomoe.

Milio ya barabarani haichomoleki, kwa hiyo mbwa huzoeshwa. Njia inayotumika inafanana na ile ambayo daktari wa Afrika Kusini Joseph Wolpe aliieleza mwaka 1958 kwa watu wenye hofu: kitu kinachotisha kiletwe kidogo kidogo, kikiambatana na jambo la kupendeza. Rekodi mlio wa rivasi kwa simu, uucheze kwa sauti ya chini kiasi kwamba mbwa anageuza sikio tu. Mlio ukisikika, papo hapo mpe kipande cha maini. Mpangilio ni muhimu mno: mlio kwanza, maini baadaye. Ukigeuza, mbwa mwerevu atajifunza kuwa maini yanaleta balaa, na ataanza kuyakataa. Akiacha kula, au akiyapokonya kwa pupa isiyo yake, punguza sauti.

Spika ya simu haitoi mlio kamili kama ulivyo, hivyo mwisho wa yote ni barabarani, kwa mbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Anzia mbali na kituo cha mabasi, na usogee pale tu mbwa anapokutazama kudai maini yake baada ya honi.

Akiogopa, mshike na umbembeleze akitaka. Imani kwamba kumfariji kunakuza hofu haina msingi. Kumchapa ndiko kunakoikuza.

Hofu ikizidi, daktari wa mifugo anaweza kumwandikia dawa ya kutuliza wasiwasi, lakini asepromazini peke yake haifai: hulegeza mwili na kuiacha hofu palepale. Na mbwa mzee ambaye hakuwahi kujali honi, akianza ghafla kuziogopa, achunguzwe nyonga, mgongo na viungo. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza na Brazili walieleza kuwa kwa baadhi ya mbwa maumivu ndiyo yanayochochea hofu ya kelele: mbwa anaposhtuka hukaza misuli, sehemu yenye maumivu ikauma zaidi, naye akaulaumu mlio. Walipotibiwa maumivu, wengi walipata nafuu.