Serengeti na Wafadhili Wake

Mwaka 1903 Waingereza wachache wenye vyeo, wengi wao wawindaji, waliunda chama jijini London cha kulinda wanyamapori wa himaya yao. Sheria za zama hizo zilimwachia mzungu mwenye leseni bunduki yake. Mwenyeji aliyetega mtego apate kitoweo akaitwa jangili. Mashirika ya uhifadhi ya leo yamerithi mengi kutoka huko.

Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Miaka saba baadaye alifika Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, pamoja na mwanawe Michael. Walikuwa na ndege ndogo iliyopakwa mistari ya punda milia, wakapita nayo chinichini juu ya mbuga wakihesabu wanyama kundi baada ya kundi. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi ikaanguka. Michael alifariki akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu waliyotengeneza kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar, na michango ya Wajerumani haijakatika hadi leo. Lakini Grzimek aliamini kwamba hifadhi haifai kukaliwa na watu, hata wenyeji. Mwaka huohuo wa 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti, wakaahidiwa kwamba Ngorongoro wataishi na mifugo yao.

Septemba 1961 shirika la uhifadhi la WWF lilizaliwa Ulaya, na mwezi huohuo, mjini Arusha, Nyerere alitangaza kuwa wanyamapori ni amana, akaomba wataalamu na fedha kutoka nje. Kwangu mimi, tunda bora la miaka ile ni Chuo cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963 chini ya Kilimanjaro, ambako Waafrika walisomea kazi iliyokuwa ya wageni.

Nyumbu wa Serengeti, waliokuwa kama 250,000 mwaka 1961, walizidi milioni moja katika miaka ya 1970. Kilichowaokoa hasa ni chanjo ya sotoka, waliyochomwa ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi. Ugonjwa ulipokoma zizini, ndama wa nyumbu nao wakapona. Habari hii inastahili kusimuliwa zaidi ya inavyosimuliwa.

Kisha likaja wimbi la ujangili. Faru weusi wa Kenya walishuka kutoka takriban 20,000 hadi chini ya 400. Mwaka 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu jijini Nairobi, Tanzania ikaendesha Operesheni Uhai dhidi ya majangili, na biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ikapigwa marufuku. Hata hivyo, kati ya 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka 109,000 hivi hadi 43,000.

Mwaka 2022 wafugaji wa Ngorongoro walianza kuhamishiwa Msomera, Handeni. Serikali ilisema wanahama kwa hiari. Wengi wao walipinga. Shirika lolote linalochangisha kwa jina la Serengeti lina wajibu wa kuwaeleza wafadhili wake ahadi ya 1959, na wa kusema waziwazi linasimama upande gani.