Shirati ni ya Tarime?

Hapa Dar ukimuuliza kijana wa Shirati kwao ni wapi, mara nyingi jibu la kwanza ni "Tarime". Ukimbana kidogo anasema "Rorya". Ukiendelea kumbana, na akiona kwamba kidogo unaifahamu Mara, ndipo anakutajia Shirati. Majibu matatu kwa swali moja, na hakuna hata moja ambalo ni uongo.

Nimekuwa nikilifikiria jambo hili kwa muda sasa. Shirati ni mji mdogo kando ya Ziwa Victoria, jirani kabisa na mpaka wa Kenya. Una hospitali ya Kanisa la Mennonite ambayo sifa zake zinavuka mkoa, na una chuo cha afya kinachotoa wauguzi. Kwa maneno mengine ni mji wa chuo na hospitali. Tarime ni mji mkubwa wa jirani, uliopo juu kwenye nyanda za baridi, kwenye barabara kuu ya Musoma kwenda Sirari. Sasa swali: Shirati ni kitongoji cha Tarime, au ni mji unaojitegemea ambao umezoea tu kuitwa kwa jina la jirani yake?

Wenzetu wana vipimo vya mambo haya. Marekani, kaunti ya pembeni inaingizwa kwenye eneo la jiji kubwa ikiwa angalau asilimia 25 ya wafanyakazi wanaoishi humo wanakwenda kufanya kazi kwenye kaunti za katikati, au ikiwa kiasi hicho cha kazi zake kinafanywa na watu wanaotoka huko katikati. Ufaransa wanatumia asilimia 15. Kipimo ni safari ya kila siku: unalala wapi, unaamkia wapi. Mstari wa ramani hausemi yote.

Kenya nao walijaribu kwa njia yao. Mwaka 2008 waliunda wizara ya kushughulikia Nairobi na miji inayoizunguka, wakaiweka Thika, Machakos na Kajiado kwenye picha moja na Nairobi. Wizara ile ilikufa mwaka 2013, lakini mwanafunzi wa JKUAT pale Juja, ambayo ni Kaunti ya Kiambu, bado ukimuuliza atakwambia anasoma Nairobi. Na ana haki ya kusema hivyo, maana barabara ya Thika imeifanya Juja na Nairobi kuwa kitu kimoja asubuhi na jioni.

Sisi Tanzania hatuna kipimo cha namna hiyo. Tunacho cheo. Sheria mbili za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, moja ya mamlaka za wilaya na nyingine ya mamlaka za miji, zinatuambia kipi ni jiji, kipi manispaa, kipi mji na kipi mji mdogo. Cheo kinakwambia nani anakusanya ushuru sokoni. Hakikwambii mama mjamzito anakimbizwa wapi saa nane za usiku. Ndiyo maana kulijibu swali la Shirati inabidi turudi nyuma kidogo kwenye historia.

Kwanza kabisa, kiserikali Shirati ni mkubwa kwa Tarime kiumri. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mgawo wao. Mstari ukapita ziwani kwenye nyuzi 1 kusini ya Ikweta, na ulipofika nchi kavu ukakata mshazari kuelekea Kilimanjaro. Wajaluo, Wasuba na Wakurya wakajikuta wako pande mbili za mstari ambao hawakuuchora wao. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walikuwa na kituo cha kijeshi Shirati, karibu kabisa na huo mstari, na kingine Ikoma, kwenye eneo ambalo leo ni Wilaya ya Serengeti. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka na kwenda kupigana na Waingereza Kisii. Wakati huo ukitaka kuiona serikali katika pembe hii ya nchi, ulikwenda Shirati au Ikoma.

Vita vikaisha, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akakabidhiwa Tanganyika. Naye akawa na wilaya aliyoiita Mara Kaskazini, yaani nchi yote ya kaskazini ya Mto Mara, na boma lake likawa Tarime. Jina lile la zamani bado lipo hai, angalia tu mgodi wa dhahabu wa North Mara kule Nyamongo. Kuanzia hapo mtu wa ziwani akawa chini ya mji wa mlimani. Shauri, kibali, kodi, vyote vikapanda mlima kwenda Tarime.

Lakini mwaka 1934 kikatokea kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango wa boma. Wamisionari wa Kimennonite kutoka Marekani, Elam Stauffer na John Mosemann pamoja na wake zao, walianzisha kituo chao cha kwanza Shirati. Kutokana na kituo kile pakapatikana shule, hospitali, huduma za wagonjwa wa ukoma, na baadaye mafunzo ya wauguzi. Zedekia Kisare, mwenyeji wa huko huko, mwaka 1967 akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo nchini.

Mnaona picha inavyojichora? Eneo moja likawa na vichwa viwili. Kodi ulilipa kwa amri ya Tarime, mtoto ukamzalia Shirati. Mtu wa Tarime alishuka kwenda ziwani kutafuta daktari, na mtu wa Shirati alipanda kwenda mlimani kutafuta muhuri. Nani hapo ni mji na nani ni kitongoji?

Baada ya Uhuru Mara ikawa mkoa, na Mara Kaskazini ikawa Wilaya ya Tarime. Serikali za mitaa zikafutwa mwaka 1972, zikarudishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa zile sheria nilizozitaja. Muda wote huo Tarime ilikuwa ni kila kitu, kutoka vilima vya Wakurya mpaka kwenye mitumbwi ya Wajaluo. Vizazi viwili au vitatu vilijaza fomu za shule vikiandika "Wilaya: Tarime". Kwa hiyo kijana wa leo anayesema kwao ni Tarime hadanganyi. Anasema kile ambacho baba yake aliandika kwenye fomu.

Mwaka 2007 mambo yakabadilika. Tarime ikagawanywa, ikazaliwa Wilaya ya Rorya. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 265,241 Rorya na 339,693 Tarime. Sasa ungetegemea Shirati, penye hospitali, chuo na historia ya kituo cha Mjerumani, ndipo pawe makao makuu. Wapi! Makao makuu yakawa Ingri Juu. Hii ni mara ya pili Shirati inapitwa na ofisi huku huduma ikibaki kwake.

Na hapo ndipo serikali yenyewe inapotuchanganya. Kwa upande wa utawala, Tarime na Rorya ni wilaya mbili. Kwa upande wa polisi, kuna Mkoa wa Kipolisi wa Tarime na Rorya, unaosimama peke yake mbali na Mara. Yaani mkono mmoja wa serikali umezitenganisha, mkono mwingine umezifunga kamba moja. Kwa polisi, mwizi wa ng'ombe haulizi mpaka wa wilaya, kwa hiyo na wao hawauulizi. Tukubali kwamba hapo polisi wana hoja.

Hata hiyo Tarime yenyewe, tunaposema Shirati ni ya Tarime, ni Tarime ipi? Kuna Halmashauri ya Mji wa Tarime, na kuna Halmashauri ya Wilaya ya Tarime ambayo makao yake yako Nyamwaga, nje ya mji. Mji wa Tarime hauimiliki hata Tarime yote, itakuwaje uimiliki Shirati?

Linganisha na majirani zetu wa Serengeti. Ikoma ilikuwa na ngome ya Mjerumani, leo mji ni Mugumu. Pale ofisi ya wilaya, hospitali na chuo cha afya vimekaa mji mmoja. Mtu wa Mugumu haulizwi maswali kama haya tunayomuuliza mtu wa Shirati. Maboma yanahama na yamehama sana katika nchi hii. Pale ambapo huduma na ofisi vimekaa pamoja, jina la mji na jina la wilaya havigombani.

Sasa nirudi kwenye kipimo cha safari ya kila siku. Watu wa Shirati hawaamki alfajiri kwenda kazini Tarime na kurudi jioni kulala. Mvuvi yuko ziwani, muuguzi yuko wodini, mwanachuo yuko bwenini. Kwa barabara ile ya Mika, Utegi hadi Shirati, mtu anasafiri akiwa na sababu: benki, mahakama, duka la jumla, basi la kwenda Mwanza. Na magari yanayoshuka kuelekea ziwani yanabeba wagonjwa na ndugu zao, wengine wa kutoka Tarime kwenyewe, na wengine wanatokea ng'ambo ya mpaka. Kwa kipimo hicho jibu langu ni hapana. Shirati si kitongoji cha Tarime. Ni miji miwili inayoegemeana, kila mmoja ukiwa na kitu ambacho mwenzake hana.

Utaniuliza, sasa inatusaidia nini? Inatusaidia sana. Kwanza ni suala la fedha na dawa. Ukipanga huduma kwa kuhesabu vichwa vya wilaya peke yake, hospitali ya Shirati itahesabiwa watu wa Rorya tu, wakati foleni yake ina watu wa wilaya mbili na nchi mbili. Kila anayevuka mstari kuja kutibiwa ni mgonjwa ambaye karatasi haimjui. Na karatasi isipomjua, dawa inaisha kabla ya mwezi.

Pili ni suala la jina. Sisi waandishi tunapenda jina fupi linalojulikana. Koo za Wanchari na Warenchoka zikipigana, kichwa cha habari kinasema "Tarime", na kila mtu aliyewahi kuandika Tarime kwenye fomu anabeba lawama, hata yule mvuvi wa ziwani ambaye hana ukoo katika ugomvi huo. Nimeona vijana wakitaniwa vyuoni kwa jambo ambalo halikutokea hata karibu na kwao. Wengine wakaanza kusema "Rorya" kwa kujitenga, na hapo wilaya ikaanza kugeuka kuwa kabila. Hilo mimi linanitisha kuliko mpaka wowote. Rorya iliundwa ili huduma ziwe karibu na watu. Ikigeuka kuwa ukuta kati ya Mjaluo na Mkurya, tutakuwa tumemaliza kazi ambayo Mwingereza na Mjerumani waliianza mwaka 1890.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo tu. Takwimu zetu zianze kuuliza watu wanakwenda wapi, pamoja na kuuliza wanalala wapi. Anatibiwa wapi, anasoma wapi, anauza samaki wapi. Tukipata majibu hayo kwa Shirati na Tarime, halmashauri mbili zitalazimika kukaa meza moja kuhusu barabara, gari la wagonjwa na dawa, bila mmoja kummeza mwenzake. Katika miaka mia moja na kitu ofisi zimetoka Shirati kwenda Tarime, kisha Ingri Juu na Nyamwaga. Wagonjwa bado wanakwenda Shirati.