Majina Yaliyobadilika: Habari za Mlango wa DHIS2

Kiongoroni imo katika delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti, ambako mito ndiyo njia na vyombo vya maji ndivyo usafiri. Hesabu za wagonjwa wa pande hizo, kama za Tanzania Bara yote, huandikwa katika vitabu vya MTUHA, hujumlishwa kila mwezi na kupelekwa wilayani. Kufikia mwisho wa mwaka 2013 wilaya za Bara zilikuwa zikiziingiza katika DHIS2, programu huria iliyochipuka Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na ambayo uandishi wake sasa huongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo.

Programu ya namna hii haikai peke yake. Nyingine huja mlangoni pake kuleta habari au kuziomba, nazo husikilizana kwa majina yaliyokubaliwa. Jina likibadilishwa ghafula, mgeni hubisha hodi asiitikiwe, na pengine hesabu hupotea pasipo mtu kujua.

Kwa sababu hiyo mwaka 2016, katika toleo la 2.25, iliwekwa kanuni: milango ipewe nambari, na nambari tatu za mwisho ziendelee kuitikiwa. Hivyo toleo la 2.27 liliitikia 27, 26 na 25. Lakini matoleo yalitoka mara kadhaa kwa mwaka, na muhula huo ulikuwa mfupi.

Badiliko kubwa zaidi lilianza mwaka 2021, toleo la 2.36 lilipoleta mlango mpya wa habari za mgonjwa mmoja mmoja. Humo eventDate iligeuka occurredAt, na dueDate ikawa scheduledAt. Hapana shaka majina mapya yanapatana vizuri zaidi: moja lataja lililotendeka, la pili lililopangwa. Hata hivyo programu haifahamu maana. Hufahamu herufi tu. Mlango wa zamani uliachwa wazi kando ya mpya, ukatangazwa kuwa utafungwa, na katika toleo la 42, mwaka 2025, ukaondolewa.

Katika muda huo kila nchi ilipaswa kuziandika upya programu zake zilizoutegemea mlango wa zamani. Abadilishaye jina huichagua siku yake. Aliye mbali huipokea. Kanuni ya Oslo ilitoa muda, wala haikutoa fundi. Fundi huyo sharti awepo nchini, asome tangazo mapema, na ajue ni programu ipi ingali ikitumia jina la kale.