Utange: Wageni wa Vita Walipofika Kisauni

Ndugu msomaji, ukisikia misaada kwa watoto wa vita, usidhani ni mambo ya mbali. Yalikuwa hapa hapa Kisauni.

Januari 1991 Siad Barre alikimbia Mogadishu, na Somalia ikaingia vita vya koo. Watu wa Barawa, mji mkongwe wa pwani, hawakuwa na wapiganaji wa kuwalinda. Wakaporwa, wakapanda vyombo na watoto wao hadi Mombasa. Na hawa si wageni kamili: lugha yao, Chimwini, ni ya ukoo mmoja na Kiswahili chetu, na jamaa zao walikuwako Mombasa zamani. Wengine walipokewa majumbani, wengine wakaishia kwenye mahema ya Utange, chini ya UNHCR.

Agosti 1992 ndege za Marekani zikaanza kubeba chakula kutoka uwanja wa Moi kupeleka Somalia. Hizo ndizo zilizopigwa picha! Sahani ya jirani haikupigwa.

Kabla muongo kuisha kambi zilifungwa. Kuna waliopelekwa Marekani, kuna waliorudi, kuna waliobaki nasi. Wazee waliowapokea bado tunao mitaani. Waulize baada ya futari.